Maji Tunayouza Bila Kuyaandika Daftarini

Wahenga walituusia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka anayeuza mchana kutwa pasipo kuandika kilichotoka na kilichoingia, siku ya hesabu hubaki ameshika tama, asijue hasara ilipitia mlango upi. Nathubutu kusema kwamba nchi yetu imo katika hali ya mwenye duka huyo, na bidhaa isiyoandikwa ni maji. Simaanishi maji ya mfereji, ambayo yakikatika siku mbili mtaa mzima hujua. Namaanisha maji yanayosafiri kwenda ng'ambo ndani ya shada la waridi na kifurushi cha majani chai, na yale yanayoingia nchini ndani ya gunia la mahindi, la mchele na la ngano. Karani wa forodha huandika kilo na shilingi. Lita haziandiki, kwa kuwa hakuna aliyemwagiza kuziandika.

Aliyeifundisha dunia kuziandika lita hizo ni mhandisi. Jina lake ni Arjen Hoekstra, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1967, akasomea uhandisi wa ujenzi mjini Delft, na hatimaye akawa profesa wa usimamizi wa maji katika Chuo Kikuu cha Twente. Alifariki Novemba 2019, akiwa na umri wa miaka 52 tu. Uholanzi, kama wanafunzi wa jiografia wanavyojua, ni nchi ambayo takriban robo ya ardhi yake iko chini ya usawa wa bahari, na kwa karne nyingi kazi ya wahandisi wake imekuwa kuyazuia maji yasiwazamishe watu: kujenga kuta, kuchimba mitaro, kusukuma maji kwa mitambo. Ajabu ni kwamba katika nchi hiyo yenye maji tele ndimo alimotoka mtu wa kuuliza swali lililotupasa sisi wenye kiu: chakula kinapovuka mpaka, ni maji kiasi gani yanavuka pamoja nacho, na yamechotwa kwa nani?

Mbegu ya swali hilo haikupandwa naye, na haki ya mtu apewe. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, Tony Allan, mwanajiografia Mwingereza aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha London, alikuwa akitafakari kitendawili cha Mashariki ya Kati. Nchi za huko, ukihesabu mito na visima vyao, hazina maji ya kutosha kujilisha. Mbona basi hazikuangamia kwa njaa, wala hazikuingia katika vita vya maji ambavyo wengi walivitabiri? Jibu Allan alilipata sokoni. Nchi hizo zilikuwa zikinunua nafaka kutoka kwenye mvua nyingi, na kwa kuwa tani moja ya ngano huhitaji tani elfu moja za maji au zaidi ili ikue, kila meli iliyotia nanga ilikuwa kama mto uliomwagika bandarini. Maji hayo yaliyojificha ndani ya bidhaa ndiyo nitakayoyaita maji fiche. Kwa fikira hiyo Allan alitunukiwa Tuzo ya Maji ya Stockholm mwaka 2008.

Allan aliona; Hoekstra akapima. Mwaka 2002 alileta kipimo alichokiita wayo wa maji. Kama vile mtu apitaye mchangani anavyoacha alama ya wayo wake, ndivyo kila tunachokula na kuvaa kinavyoacha alama mahali fulani palipochotwa maji ya kukitengeneza. Aliyagawa maji hayo kwa rangi tatu, na ningependa kila mwanafunzi azikariri. Maji ya kijani ni mvua iliyonywewa na udongo na kuvutwa na mizizi pale pale ilipoangukia. Ndiyo yanayokuza chai ya Kericho na mahindi ya Trans Nzoia. Maji ya samawati ni yale ya mito, maziwa na visima, tunayoyapeleka shambani kwa mfereji au kwa bomba. Maji ya kijivu ni kiasi cha maji safi kinachohitajika kuyazimua machafu tuliyoyamwaga, mbolea na dawa za wadudu, hadi yarudi katika kiwango kinachokubalika. Ya kwanza hushuka yenyewe kutoka mbinguni. Ya pili huchotwa, na kila achotaye humpunguzia jirani. Ya tatu ni deni.

Sasa tuzigeuze takwimu zake ziwe mitungi, kwa sababu mtungi wa lita 20 ni kipimo ambacho mama zetu na dada zetu wamekibeba mgongoni na kichwani hata wasihitaji kuelezwa uzito wake. Kwa wastani wa dunia, kilo moja ya mahindi hutumia takriban lita 1,220. Maana yake ni kwamba pakiti ya unga ya kilo mbili imebeba zaidi ya mitungi 120. Kilo ya ngano ni karibu lita 1,830. Kilo ya mchele uliokobolewa ni kama lita 2,500. Kilo ya nyama ya ng'ombe hupita lita 15,000. Kikombe cha chai, kabla hujatia maziwa wala sukari, kinabeba lita 27 au 30 hivi, na cha kahawa kinakaribia lita 130. Mwaka 2012 Hoekstra na mwenzake Mesfin Mekonnen walichapisha hesabu ya dunia nzima kwa miaka ya 1996 hadi 2005. Waligundua kwamba asilimia 92 ya maji yote wanayotumia wanadamu huishia katika kilimo, na kwamba binadamu wa kawaida hutumia mita za ujazo 1,385 kwa mwaka. Hiyo ni mitungi 190 kila siku, ilhali anayoyaona kwa macho, ya kunywa, kupika, kuoga na kufua, ni sehemu ndogo mno ya hiyo. Isitoshe, takriban sehemu moja katika tano ya maji yote hayo hutumika kuzalisha vitu vya kuuzwa nchi nyingine.

Nimewahi kuulizwa na mwanafunzi mdadisi: "Mwalimu, maji hayo si yanarudi mbinguni na kunyesha tena? Yamepotea vipi?" Swali lake ni la haki. Kweli, hakuna tone linalotoweka duniani. Lakini mvuke uliopaa kutoka shamba la Naivasha hauna ahadi ya kurudi Naivasha. Huenda ukanyesha baharini, au ukanyesha nchi ya pili, au ukanyesha mwezi ambao hakuna aliyepanda. Ukimpa mtu shilingi yako, shilingi hiyo haijatoweka katika nchi. Imetoweka mfukoni mwako. Daftari la mhandisi huyu ni la mfuko, yaani la bonde la mto mmoja katika majira fulani.

Na hapa ndipo elimu ya Uholanzi inapokutana na ardhi yetu, kwa maana Naivasha ni mojawapo ya mahali ambapo daftari hilo lilifunguliwa. Waridi la Kenya kwa miaka mingi limekuwa likisafiri kwa ndege hadi Uholanzi, ambako mnada mkubwa wa maua wa Aalsmeer huyasambaza Ulaya nzima. Ziwa Naivasha ni la maji yasiyo na chumvi, tofauti na majirani wake Nakuru na Elmenteita, na hulishwa hasa na mito ya Malewa na Gilgil. Mwaka 2012 Mekonnen, Hoekstra na Robert Becht walitangaza matokeo ya uchunguzi wao kuhusu maji ya maua hayo. Ua moja la waridi, walisema, hubeba kati ya lita 7 na 13. Maua yote yaliyouzwa kutoka bonde hilo kati ya 1996 na 2005 yaliondoka na wastani wa mita za ujazo milioni 16 kila mwaka. Kati ya hizo asilimia 22 zilikuwa maji ya kijani, 45 ya samawati, na 33 ya kijivu.

Tuzisome rangi hizo kwa makini, maana ndimo ulimo uzito wa jambo. Karibu nusu ya wayo wa waridi ni maji yaliyochotwa ziwani, mtoni na visimani. Na thuluthi moja ni deni la uchafu. Bila rangi, mtu angeweza kusema kwamba ua ni kitu kidogo, lita kumi tu, nusu ya mtungi, wakati pakiti ya unga ni mitungi mia na zaidi. Lakini mahindi ya mkulima wa mvua yamekunywa mvua, na waridi limekunywa ziwa. Wachunguzi hao hawakuwaonea wenye mashamba makubwa. Walisema kwamba uchotaji wa mashamba hayo ulichangia kushuka kwa ziwa, lakini uchafuzi ulikuwa kazi ya wote: mashamba makubwa yaliyo ufuoni na wakulima wadogo wa milimani ambao mbolea na udongo wao huteremshwa na mito.

Dawa waliyoipendekeza ndiyo iliyonivutia zaidi. Walisema bei ya maji inafaa ilingane na gharama yake halisi, lakini wakakiri ugumu wake: serikali ikipandisha bei peke yake, wenye maua wanaweza kuhamia nchi jirani yenye bei nafuu. Kwa hiyo wakashauri mapatano baina ya wote walio katika mnyororo, kutoka kwa mkulima hadi mwenye duka la Ulaya, ili mnunuzi wa mwisho aongezewe fedha kidogo juu ya kila ua, na fedha hizo zirudi kulitunza bonde lilikotoka. Nami naunga mkono kwa moyo mkunjufu. Anayempelekea mpenziwe waridi huko Amsterdam hawezi kukosa senti chache za kulipia maji yake. Wavuvi na wafugaji wa Naivasha hawawezi kuendelea kumlipia.

Najua nitajibiwa kwamba ziwa sasa limejaa pomoni. Ni kweli. Baada ya kushuka sana katika ukame wa 2009, Naivasha ilianza kupanda, na kufikia 2020 ilikuwa imefurika hadi ikawahamisha watu na kuzamisha sehemu za mashamba yaleyale. Hata hivyo, ziwa hilo limekuwa likipanda na kushuka tangu jadi. Mwaka wa mafuriko si hati ya kumilikishwa maji milele, wala mafuriko hayafuti deni la kijivu. Huenda yakalitapanya tu. Daftari huandikwa siku za neema ili lisomwe siku za dhiki.

Mgala muue na haki umpe. Sisemi mashamba ya maua yang'olewe. Maelfu ya familia hupata riziki humo, na lita moja ya maji iliyotumika kwenye waridi huleta fedha za kigeni nyingi kuliko lita hiyo hiyo ikitumika kwenye mahindi. Nchi yenye maji haba, na Kenya iko chini ya kile kiwango cha mita za ujazo 1,000 kwa mtu kwa mwaka ambacho wataalamu hukihesabu kuwa mpaka wa uhaba, inaweza kwa busara kuuza vitu vya thamani kubwa vilivyotumia maji machache, na kununua nafaka iliyokunywa maji mengi kwingine. Hiyo ndiyo siri aliyoiona Allan. Biashara ya namna hiyo ni mto unaotiririka kuja kwetu.

Lakini mto huo una milango, na funguo ziko mikononi mwa wengine. Machi 2021 amri moja ya mamlaka yetu wenyewe ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya ukungu. Malori yakakwama mpakani mpaka amri ilipolegezwa siku chache baadaye. Afya ya mlaji ni jambo la kulindwa, sina ugomvi na hilo. Nataka tu tutambue kwamba siku ile tulifunga pia mvua ya Mbeya na ya Masindi. Februari 2022 vita vya Ukraine vilipanda juu bei ya ngano, na mkate wa mtoto wa shule hapa kwetu ukaonja moto wa Bahari Nyeusi. Julai 2023 India ilipiga marufuku kuuza nje mchele mweupe wa kawaida. Hatuna budi kujua tunategemea mvua ya nani, na mito ya nani.

Mathalani, tazama kubadilishana kwetu na Pakistan. Nchi hiyo imekuwa mnunuzi mkuu wa chai yetu, nasi tumekuwa tukinunua mchele wake kwa wingi. Chai yetu hukua kwa mvua ya nyanda za juu, yaani maji ya kijani. Mchele wao humwagiliwa kutoka mto Indus na visima vya bonde lake, yaani maji ya samawati, tena katika nchi ambayo maji yake ya ardhini yanazidi kuchotwa. Tunawapa mvua, wanatupa mto. Kwa lita, huenda biashara hiyo ina faida kwetu. Lakini mwenye akili hujiuliza mto huo utavumilia mpaka lini, maana jirani akikauka, nasi tutakosa mchele.

Kuna wanaosema dawa ni moja tu: tujitosheleze kwa kila kitu, tumwagilie jangwa. Hao nawashauri wasome habari za Saudi Arabia. Kuanzia miaka ya themanini, kwa ruzuku kubwa ya serikali, nchi hiyo ilichimba visima virefu na kulima ngano jangwani hata ikawa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ngano duniani. Maji yaliyotumika yalikuwa yamekaa chini ya ardhi kwa maelfu ya miaka, na hakukuwa na mvua ya kuyarejesha. Mwaka 2008 serikali ikaamua kupunguza kilimo hicho hatua kwa hatua hadi kikome mwaka 2016. Walikuwa wameuza akiba ya wajukuu kwa bei ya ngano. Nasi tulipozindua mradi wa Galana-Kulalu mwaka 2014, kwa tumaini la ekari milioni moja za kumwagilia, hesabu ya ekari ilitangazwa kwa sauti kubwa kuliko hesabu ya maji. Matokeo ya miaka ya mwanzo yalibaki mbali sana na tumaini lile.

Wapo pia wanaomkosoa Hoekstra, na hoja yao ina mashiko. Wanauchumi wengine wamesema kwamba idadi ya lita peke yake haimwambii mtu lililo jema na lililo baya. Lita elfu za mvua zilizotua Kericho, ambazo zingenywewa na msitu kama si chai, hazifanani na lita kumi zilizochotwa kwenye kisima cha pekee huko Turkana. Mtu akiacha kunywa kahawa Ulaya ili aokoe maji, mkulima wa Nyeri hatapata maji zaidi. Atapoteza tu mnunuzi. Nakubali. Ndiyo maana nasisitiza kwamba daftari lisiandikwe kwa safu moja. Kila lita iulizwe rangi yake, mahali pake na majira yake. Lakini kosoro ya kipimo si sababu ya kukitupa. Mizani ikiyumba, hurekebishwa. Haitupwi mtoni watu wakarudi kukadiria kwa macho.

Nikijumlisha yote, naona fundisho moja lililo kubwa kwetu. Utajiri wetu mkuu wa maji haumo katika mabwawa tunayoyapigia picha wakati wa uzinduzi; umo katika mvua inayoangukia mashamba ya wakulima wadogo. Shamba likitoa gunia kumi pale ambapo lingeweza kutoa ishirini kwa mvua ile ile, basi kila kilo ya mahindi yake imebeba maji karibu maradufu. Nusu ya mvua imefanya kazi, nusu imepaa au imeteremka na udongo. Watu wa Machakos walilijua hilo kwa vitendo walipochimba matuta ya fanya juu kwenye miteremko yao ili maji yasimame na kuingia ardhini. Mboji, matandazo, matuta na mbegu zinazofaa ni uhandisi wa maji, ingawa hakuna utepe wa kukatwa.

Kwa hivyo nawageukia walimu wenzangu. Somo hili halina kitabu chake pekee, na hapo ndipo uzuri wake ulipo: mwalimu wa hisabati atapata hesabu za uwiano, wa jiografia atapata mito na biashara, wa kilimo atapata udongo, na wa Kiswahili atapata istilahi za kubuni na hoja za kujadili. Waagizeni wanafunzi waorodheshe chakula cha shule cha juma moja, maharagwe, mahindi, mchele, kabichi, kisha wakigeuze kuwa mitungi. Waulizwe kila mtungi ni wa rangi gani na ulichotwa wapi. Watagombana kuhusu majibu, na ugomvi huo ndio elimu yenyewe.

Nanyi wanafunzi mnaoota kuwa wahandisi, msidhani kwamba kazi hiyo ni saruji na vyuma pekee. Hoekstra hakumbukwi kwa daraja wala bwawa. Anakumbukwa kwa safu ya tarakimu ambayo hakuna aliyekuwa ameiongeza katika daftari la biashara ya dunia. Daftari la Kenya bado lina kurasa nyingi tupu: maji ya parachichi za Murang'a, ya maharagwe mabichi ya Kirinyaga, ya nyama ya Garissa, na ya kila gunia linalovuka Namanga na Busia. Kalamu mnayo.